Akisema, Tia Tiki

Jumanne ile nilikuwa na karatasi sitini na mbili za kusahihisha, na goti la kushoto limevimba kama kawaida yake msimu wa mvua, kwa hiyo simu ilipolia sikuishika. Ikalia tena. Mtu anayekupigia mara tatu mfululizo saa tano asubuhi ama ana msiba ama yuko wodini. Nikasema haya basi, tusikie.

Alikuwa Sista Tecla, msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali tunakopeleka wanafunzi wetu kujifunza ukunga. Tecla si mtu wa makelele. Tumejuana miaka kumi na mitano na sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku ile paa la wodi lilipovuja juu ya vitanda vinne kwa mpigo. Siku hiyo alikuwa anahema.

"Madam Phelis, kuja uchukue mwanafunzi wako."

"Nani?"

"Christabel."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia amekosea jina.

"Sijakosea. Mama karibu atufie hapa. Damu imejaa kitanda, na huyu wako amesimama na glovu safi, anahubiri."

"Anahubiri nini?"

"Kuja umuulize mwenyewe." Akakata.

Naitwa Phelis Mongina. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na kati ya hiyo, kumi na tisa nimefundisha ukunga katika chuo kimoja kidogo huku upande wa Kapkatet, chuo ambacho sitakitaja kwa sababu Desemba nataka kustaafu kwa amani. Nimechoka. Silalamiki, nasema tu ilivyo. Darasa nililolikuta na wanafunzi ishirini sasa lina sitini na wawili. Wakufunzi tulikuwa sita, tumebaki watatu, na mmoja wetu anatafuta kazi Uingereza usiku na mchana. Asubuhi nikiamka hujiuliza kwanza ni siku gani, halafu naomba iwe Jumamosi.

Christabel alikuwa ndiye mwanafunzi anayenifanya nisiache. Mama yake ni mfanyakazi wa kiwanda cha chai, watu wa upande wa ziwa waliohamia huku kabla msichana hajazaliwa, na huyo binti alikuwa amebakiza wiki tano tu afanye mtihani wa mwisho wa serikali. Katika mtihani wetu wa vitendo, ule tunaouita oski, ambao mwanafunzi huhama kituo hadi kituo kengele ikilia, alipata tisini na nane kwa mia. Mimi katika maisha yangu sijawahi kupata tisini na nane ya kitu chochote.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Nilivuka nikichechemea, nikafika wodini nikakuta vita vimekwisha. Mama alikuwa amelala, uso umepauka, painti ya pili ya damu inaingia mkononi. Mtoto wake mzima, analia vizuri. Tecla alikuwa kwenye sinki anaosha damu mpaka kwenye viwiko, na hakunigeukia.

"Nilikuwa kitanda cha pili na mama mwingine, mtoto anakuja matako kwanza," alisema akiwa amenipa mgongo. "Nikasikia damu imeanza kwa huyu. Christabel yuko naye, kwa hivyo sikushtuka. Namsikia nyuma ya pazia, sauti yake imetulia kabisa. Ati nakanda mji wa mimba. Ati nadunga sindano ya kukaza mji. Ati naweka mpira wa mkojo. Kila kitu kwa mpango wake, hakuna alichoruka. Dakika nne, Madam! Halafu nikaona damu imepita chini ya pazia imefika kwa kiatu yangu."

"Alikuwa hajafanya?"

"Hata moja. Mikono iko hivi." Alikunja mikono kifuani, matone yakidondoka sakafuni. "Sindano iko kwa treyi, haijafunguliwa. Ni mimi nimeingia nikakanda. Nimeandika barua, nimepeleka kwa mkuu wa chuo chenu. Huyo msichana asirudi hapa."

Christabel nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, glovu bado mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilikuwa na maneno ya kumvua nguo mtu. Aliponiona alisimama kama tunavyowafundisha wasimame mkufunzi akiingia, na hilo likanimaliza nguvu.

"Christabel, ilikuwaje?"

"Madam, nilidhani ninafanya." Hakuwa analia. Alikuwa anashangaa. "Nilisikia sauti yangu inasema nakanda, nikajua ninakanda. Nilihesabu hatua zote. Nilipofika ya tisa nikangoja."

"Ukangoja nini?"

Akafikiri kidogo. "Nikangoja kengele ya kuhamia kituo kingine."

Woi. Niliketi mimi kwenye hiyo ndoo.

Kabla sijaondoka nilipita kwa yule mama kumpa pole, na nilitaka kuomba msamaha bila kuandika popote kwamba nimeomba. Alikuwa mtu wa Roret, mzazi wa mara ya kwanza, ana sauti ndogo. Akaniambia msichana alimtendea vizuri. "Nilikuwa naogopa," akasema, "lakini nikamsikia anasema anakanda, anadunga sindano, nikajua basi nimeshughulikiwa. Nikatulia." Nilimfunika blanketi vizuri nikatoka, kwa sababu kama ningekaa dakika moja zaidi ningemwambia.

Ningemwambia kwamba yaliyompata ni kazi yangu mimi, kanuni ya nne.

Sisi wakufunzi wa afya huku kwenye chai tuna Mtandao wetu. Ulianzia Kabianga, watu tisa kwenye chumba kimoja chuoni wakila mandazi, na sasa tuko zaidi ya arobaini, wa uuguzi, wa maabara, wa utabibu, kutoka Kericho mpaka Bomet. Kwenye simu ni kundi la kutumiana notisi, maombi na matangazo ya mazishi. Lakini kazi yake kubwa ni kukopeshana watahini. Mwalimu hawezi kumtahini mwanafunzi wake mwenyewe, atampendelea, kwa hiyo wanafunzi wetu hutahiniwa na walimu wa vyuo vingine, na wote tunatumia cheklisti moja ya alama ambayo Mtandao umeipitisha.

Miaka sita iliyopita, siku ya oski, chuo chetu kilikuwa na manikini mmoja wa kuzalisha, ile sanamu ya mama ya kujifunzia, mguu wake mmoja umeshikwa na bandeji, na tangi la maji lilikuwa tupu. Wanafunzi hamsini. Ukingoja kila mtu anawe mikono na maji ya jagi, avae glovu mpya ambazo hatukuwa nazo, tutamaliza wiki ijayo. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikasimama nikasema: jamani, mwanafunzi akitaja hatua kwa sauti na kwa mpangilio, tujue anaijua. Akisema, tia tiki. Watahini wakapiga makofi. Siku hiyo tulimaliza saa tisa alasiri na kila mtu akaenda nyumbani kwa jua. Mwaka uliofuata Mtandao ukaiandika kwenye mwongozo, kanuni ya nne, na nikapewa cheti ambacho nimekitundika ofisini juu ya kabati.

Maji yalirudi wiki iliyofuata. Kanuni haikuondoka.

Jumatano mkuu wa chuo chetu, Mwalimu Masese, aliniita akanisomea barua ya Tecla. Kikao cha nidhamu kingekuwa Ijumaa. Akikutwa na hatia, Christabel anafukuzwa, na jina lake linatolewa kwenye orodha ya baraza la wauguzi. Jina likitolewa huko hakuna chuo Kenya nzima kitakachompokea. Miaka mitatu imekwisha hivyo, anarudi kwa mama yake.

"Kosa ni la cheklisti," nikamwambia.

Masese ni mtu wa karatasi. Si mbaya, ila ukimwambia jua limechomoza atauliza nani amesaini. "Cheklisti ni ya Mtandao," akasema. "Kama Mtandao unasema cheklisti yao ina kosa, waniandikie. Sitabakisha mwanafunzi kwa sababu ya maneno ya mkufunzi wake."

Bahati nzuri, au mbaya, mkutano wa mwaka wa Mtandao ulikuwa kesho yake mjini Kericho.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa moja, viti vya plastiki, chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, mvua ikipiga mabati. Niliangalia nyuso nikaona watu waliochoka kama mimi. Mmoja alikuwa amelala wazi kabisa, mdomo umefunguka. Wengine walikuwa wanasahihisha mapajani. Mwenyekiti wetu ni Okemwa, mtu wa kwetu, tumesoma pamoja, ananiita Mama Moureen kwa jina la binti yangu. Nilimwomba dakika kumi kabla ya ajenda, nikasimama nikawaeleza yote, kuanzia simu ya Tecla mpaka ile kengele.

Jerusa akainua mkono. Jerusa hufundisha chuo kingine upande wa Bomet, na kati yetu wote yeye ndiye hodari. Wanafunzi wake na wangu hushindania nafasi ya kwanza kila mwaka, na hatujawahi kupendana sana.

"Pole, Madam Phelis," akasema, "lakini huyo ni msichana mmoja aliyeingiwa na hofu. Tusilaumu mwongozo. Wangu wanasema na wanafanya."

Pembeni kulikuwa na manikini mpya tuliyeletewa na wafadhili, amelala juu ya meza akingoja kuzinduliwa baada ya chakula cha mchana.

"Haya," nikasema. "Jerusa, dada yangu, njoo utuonyeshe. Mama amejifungua, kondo limetoka, damu inamwagika. Wengine shikeni cheklisti mtie alama."

Watu wakachangamka kidogo. Jerusa akatabasamu, akaja mbele, mkoba wake begani. Akasimama kando ya meza akaanza, na lazima niseme kweli, alikuwa anapendeza kumsikiliza. Sauti safi, hakuna kusita. Naita msaada. Nanawa mikono, navaa glovu. Nakanda mji wa mimba. Nadunga sindano. Nakagua kondo kama limetoka lote. Nafungua mshipa nining'inize maji. Naweka mpira wa mkojo. Nakagua kama amechanika. Nampima presha na mapigo. Sekunde arobaini na tano. Ukumbi ukapiga makofi, aliyelala akaamka akapiga pia.

"Alama ngapi?" nikauliza.

"Zote!" wakasema. "Tisa kwa tisa!"

"Mwangalieni mgonjwa."

Manikini alikuwa bado amefungwa ndani ya plastiki yake. Ile nailoni nzito ya kiwandani, na gundi yake juu, hakuna mtu aliyeigusa tangu atoke kwenye katoni. Mkono mmoja wa Jerusa ulikuwa umeshika kamba ya mkoba na mwingine uko mfukoni mwa sweta.

Sijawahi kusikia mvua vizuri kama siku ile. Jerusa aliutoa mkono mfukoni akautazama. Kisha uso ukambadilika. "Umenileta hapa unitie aibu mbele ya watu," akaniambia polepole, akachukua mwavuli wake akatoka nje. Nilitaka kumfuata, nimwambie kwamba hata mimi ningefanya hivyohivyo, lakini nilijua hataki kuiona sura yangu.

"Basi mmeona," nikawaambia waliobaki. "Naomba barua moja tu kwa Mwalimu Masese. Semeni kanuni ya nne ina kosa, na msichana alifanya tulichomfundisha."

Okemwa alivua miwani akasugua macho. "Mama Moureen, tumeona. Mimi nimeona. Lakini tukiandika hiyo, kesho baraza litauliza wanafunzi mia nne waliopita oski mwaka huu wamepitaje. Itabidi tuwatahini wote upya. Nani atafanya? Wewe?" Alitazama ukumbi mzima. "Nani hapa ana nguvu ya kutahini watu mia nne upya kabla ya mtihani wa serikali? Ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Mimi mwenyewe, na ninaona haya kuliandika, mimi mwenyewe sikuinua. Mkono ulikaa pale mapajani kwa uchovu, nikauangalia.

Baadaye, wengine wakila, Okemwa alikuja na karatasi yenye muhuri wa Mtandao. "Nimejaribu," akasema, na najua alijaribu. Sentensi moja: Mtandao unathibitisha kuwa mwanafunzi huyu alifundishwa na kutahiniwa kikamilifu kwa mujibu wa mwongozo wetu. Nilimshukuru. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliisoma mara mbili bila kuona ubaya wake.

Ubaya wake niliuona Ijumaa asubuhi, Masese alipoisoma kwa sauti mbele ya kikao.

"Alifundishwa kikamilifu," akarudia. "Kwa hivyo mafunzo hayakuwa na shida. Shida ni mwanafunzi."

Nikaanza kueleza, nikaeleza tangi la maji, bandeji ya mguu, makofi, cheti changu. Nikasema aliyestahili kufukuzwa ni mimi. Masese akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema maneno ya mkufunzi anayempenda mwanafunzi wake anayaelewa, ila si ushahidi. Christabel alikuwa ameketi mwisho wa meza na yunifomu iliyopigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi. Alikuwa ameomba ruhusa kiwandani.

Aliyebaki ni Tecla, shahidi wa hospitali. Masese alikuwa na maswali yake ameyaandika.

"Sista, ulikuwa umbali gani?"

"Kitanda kinachofuata. Kuna pazia tu katikati."

"Ulimsikia akisema nini, tangu mwanzo?"

"Alisema naita msaada." Tecla aliposema hivyo akanyamaza, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

Masese alikuwa anaandika. "Alisema naita msaada. Na wewe ulikuwa msaada wa karibu zaidi?"

"Ndiyo."

"Ulimsikia vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Ukafanya nini?"

Tecla alinitazama. Nilisahau kuwaambia: Tecla pia ni mtahini wa Mtandao. Kila mwaka anakaa kwenye kituo cha kuvuja damu na kalamu yake nyekundu, miaka sita sasa. Nilimwona akilielewa jambo lile palepale, mbele ya watu, na nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

"Nilitia tiki," akasema. "Kichwani. Alisema naita msaada, nikasema kwa roho, vizuri, hatua ya kwanza. Nikaendelea na kazi yangu." Akaiangalia barua yake mwenyewe pale mezani. "Alisema tena nakanda, nikatia tiki. Mwalimu, kama ningekuwa nimesikia mtu analia au anapiga kelele, ningekimbia. Alisema kama mtihani. Na mimi nikatahini."

Masese aliweka kalamu chini. Ile ndiyo siku ya kwanza nilipomwona bila kalamu.

Hawakumfukuza. Waliamua hatafanya mtihani wa serikali na wenzake. Arudie wodi miezi mitatu, kila zamu akiwa na mkufunzi anayesimama karibu naye, si ofisini, si kwenye simu, karibu naye, asaini siku kwa siku. Jina lake litabaki kwenye orodha. Ila kama kufikia Jumatatu hajapatikana mkufunzi wa kusimama naye, uamuzi unabatilika na anatoka.

Masese akauliza ni nani. Wenzangu wawili wakatazama meza. Siwalaumu, kila mmoja ana vipindi ishirini na nane kwa wiki, na yule wa Uingereza alikuwa na mahojiano yake. Christabel hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa anaangalia mlango, kule upande mama yake alikokaa.

Haki ya nani, sikutaka. Nilikuwa nimebakiza miezi minne. Nilikuwa nimepanga kuimaliza nimeketi. Miezi mitatu ya kusimama wodini, zamu ya saa moja asubuhi, na goti hili, na zaidi ya hayo yote nilikuwa naogopa, kwa sababu mara ya mwisho mimi Phelis Mongina kumshika mama anayevuja damu kwa mikono yangu ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Hilo sikuwa nimemwambia mtu.

"Niandike mimi," nikasema.

Tulianza Jumatatu. Wiki ya kwanza Christabel alikuwa hawezi kumpima mama presha bila kutangaza. Nikimwambia nyamaza anasahau hatua, nikimruhusu aseme mikono inasimama. Tecla, ambaye sasa alikuwa anaongea na sisi kwa adabu ya mtu aliye na deni la maneno, alitutengea kona yenye sinki ya kufanyia mazoezi. Kila asubuhi nilimnyamazisha nusu saa, nikampa manikini wetu wa zamani, nikamwambia fanya yote bila kufungua mdomo. Alikuwa anatoka jasho. Siku moja alirusha glovu ukutani akaniambia, "Madam, bora mngenifukuza." Nikamwambia hata mimi nimewahi kuwaza hivyo, okota glovu. Jioni nilikuwa nafika nyumbani nalala na viatu.

Upande wa Mtandao, Okemwa aliunda kamati ya kuchunguza kanuni ya nne. Itakutana Januari. Jerusa hakunijibu ujumbe wangu hata mmoja, lakini nilisikia kutoka kwa mtu kwamba amewarudisha wanafunzi wake wote kwenye manikini, Jumamosi kwa Jumamosi, na ameondoa kiti cha mtahini ili asikae.

Wiki ya tano, Alhamisi, saa nne asubuhi, alijifungua mama mmoja anayechuma chai, mtoto wake wa nne. Christabel alimzalisha vizuri, kondo likatoka. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa kitanda, nimeridhika, nikiwaza uji wangu kwenye chupa. Halafu nikaona damu. Si ile ya kawaida. Ilikuja kwa kishindo ikajaza shuka na mama akasema kwa sauti ya chini, "Naskia kizunguzungu."

Nikaanza. Nilikuwa imara, sauti yangu imetulia, miaka kumi na tisa ya kufundisha yote imekuja kunisaidia. Nikasema ita msaada. Nikasema kanda mji. Nikasema sindano, mpira wa mkojo, usisahau kukagua kondo. Nilisema kila kitu kwa mpangilio.

Christabel hakusema kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari tumboni mwa mama, umezama, unakanda kwa nguvu mpaka kitanda kinatikisika. Aligeuza uso kwenye pazia akapiga kelele ya mtu anayeona nyumba inaungua, "Sista Tecla! Kuja! Kuja sasa hivi!" na nikasikia viatu vya Tecla vinakimbia. Mkono wa kulia ulinyooka kutafuta treyi ya sindano na haukuifikia. Ulikutana na mtu.

"Madam," akasema bila kuniangalia, "toka hapo. Umenizibia dawa."

Niliangalia chini. Mikono yangu ilikuwa imekunjwa kifuani.

Nikatoka. Nilirudi nyuma hatua tatu mpaka ukutani, Tecla akapita mbele yangu mbio, na nikaanza kulia pale, kwa sauti, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Walikuwa na kazi.